Mlango wa Jiko Umegeuzwa

Jumatatu, 4 Agosti

Baba Neema,

Fundi amekuja tena. Bati lililokuwa linavuja juu ya kitanda chetu limebadilishwa. Kuta zimepakwa chokaa. Neema kapiga simu kutoka Mpui: nisihangaike na vigae, nirekebishe kinachovuja na kinachoumiza macho, niuze, nihamie kwake kabla ya mvua. Anasema kweli. Tangu tukuzike, nyumba hii siiwezi peke yangu.

Upepo mkali. Sweta lako nimelivaa mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo mlango wa jiko. Ule ulioutazamisha upepo, moshi ukarudi ndani, nikapika nikitokwa machozi tangu nilipokuwa bibi harusi. Nilikuomba uugeuze. Ukasema baada ya mavuno. Mavuno mangapi.

Fundi kauziba, kafungua mwingine upande wa pili, katoboa na tundu la moshi juu. Asubuhi moja tu. Akacheka: "Mama, sasa utapika kama uko sebuleni."

Nimesonga ugali wa ulezi. Hata chozi halikunitoka. Nimelia baadaye, kwa hasira.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya misa wanunuzi wamekuja. Wafugaji, wamepanda kutoka Mtowisa kwenye joto. Mama Kulwa kajifunga vitenge viwili na bado anatetemeka. Mumewe akamshusha pacha mmoja mgongoni, akavua koti akamfunika mkewe. Sikupenda kuliona lile koti.

Mama Kulwa akasimama jikoni. "Shikamoo mama. Hakuna moshi kabisa? Baba Kulwa, mimi hapa nimefika."

Wanaichukua. Watahamia Oktoba.

Nimemwonea wivu. Niandike hivyo hivyo. Ujana wake, mume wake, mlango wangu. Moshi nimekula mimi, ugali atakula yeye.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimepanda juu ya kigoda kushusha mbegu yako ya mahindi iliyotundikwa juu ya mafiga. Unga ukanimwagikia usoni. Dumuzi wameitoboa. Miaka yote haikuguswa. Moshi ndio ulioilinda. Sasa nakumbuka, kila nilipolalamika ulikuwa unatazama juu. Ungesema tu, mume wangu.

Yamepona machache ya pembeni.

Mchana Mama Kulwa kapita kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Kaniuliza atundike wapi mbegu yake. Nikamwambia, "Palepale, mwanangu, juu ya mafiga." Nimesema nikijua. Nikashinda na furaha mbaya. Jioni ugali nimeurudisha chunguni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mawingu yamesimama upande wa ziwa. Hayajanyesha.

Kabla ya kumpa ufunguo nilimshika mkono Mama Kulwa, nikampeleka jikoni, nikamwonyesha hindi lililotobolewa. Nikamwambia alizibe tundu la juu msimu wa kutunza mbegu, avumilie moshi.

Akanitazama. "Kumbe ulitaka nipande maganda, mama."

Nikasema ndiyo.

Kisha akacheka, akaniwekea pacha mapajani, akaenda kuwasha moto. Atatokwa machozi kidogo akipika. Inanitosha.

Mbegu yako iliyopona nimeigawa. Nusu kwake, nusu nimeifunga kwenye kanga, inakwenda Mpui. Jiko la Neema lina moshi.

Nimegusa ule mlango uliozibwa. Tofali bado jipya.

Huko uliko, Baba Neema, nikumbuke.