Kinu cha Mke Wangu na Pikipiki ya Bwana Shamba

Mpendwa Bi Mwanakheri,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla Kisarawe nzima haijanicheka, maana nusu yake imeshaanza. Mimi ni fundi wa pikipiki, kazi naifanyia nyumbani, bandani ubavuni mwa nyumba, na taabu ya kazi hii ni kwamba ukitaka kutoa gurudumu au kufungua injini kwa chini lazima uinyanyue pikipiki, na mimi miaka yote nilikuwa nailaza ubavu, petroli inamwagika, mgongo unaniuma, mpaka siku moja mwezi uliopita nikaona kinu cha mke wangu Tatu kimekaa bure uani, kinu cha mninga alichopewa na mama yake siku ya kuolewa, nikakipindua kinywa chini, nikaomba majirani wanisaidie kuipandisha pikipiki ya bwana shamba juu yake, na ilikaa, mama, ilikaa vizuri kabisa, nikafanya kazi nikiimba.

Ila mafuta ya injini yalivuja, yakatuama pale chini, na kinu kikayanywa. Nikakisugua kwa majivu na maji ya moto, nikakirudisha uani kimyakimya. Wiki hiyohiyo ilikuwa arobaini ya kuzaliwa kwa mwanetu Zena, mama mkwe wangu Bi Biasha akaja kutoka Mzenga na mashangazi watatu, Tatu akatwanga mpunga kwenye kinu hichohicho, wali ukapakuliwa, Bi Biasha akatia tonge la kwanza mdomoni, akaacha kutafuna, akasema, "Tatu mwanangu, wali gani huu unanuka lori?" Mashangazi wakasukuma sinia. Tatu akaapa chungu ni kisafi na mpunga ni msafi, wakamwambia tangu aolewe amekuwa mchafu, akalia mbele ya wageni, na mimi nilikuwa mlangoni nimeshika birika la kunawia, nikaona si wakati wa kueleza.

Nami nilikusudia kuacha, lakini pikipiki ya karani wa mahakama ikaja na gurudumu bovu. Tatu akaikuta imekaa juu ya kinu. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Kumbe ulijua," akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwao. Leo siku ya tisa na nyumba haikaliki.

Sasa nataka kumtuma mshenga wetu, mzee Twalibu, akamwambie nimepata kifaa kipya cha kunyanyulia, lakini bado sijachagua. Shamba la mkonge wanauza kapi la mnyororo, nami nilipojaribu kwa kamba tu boriti ya banda ililia na makuti yakaniangukia kichwani. Iko jeki ya lori inauzwa Dar es Salaam. Na Mwinjuma seremala anasema atanitengenezea meza. Nichague kipi, mama, ili mke wangu arudi?

Wako katika dhiki,
Shomari, Kisarawe

Marahaba, Shomari.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi nikatafuta kanga ya kujifutia machozi. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na ulichouliza, maana nimeishi miaka ishirini na dereva wa lori, Mungu amrehemu, aliyekuwa akifungulia injini sebuleni kwangu. Kapi lisahau. Boriti zako ziliwekwa kubeba makuti, na hata hayo zimeshindwa. Isitoshe, kitu kinachoning'inia huzunguka kila ukikaza spana. Jeki ya lori ina nguvu kweli, lakini kichwa chake ni kidogo kama kisahani, na pikipiki ina magurudumu mawili. Ukiinyanyua kwa hiyo peke yake itachagua upande wa kuangukia, na huenda ukawa upande uliochuchumaa wewe.

Nenda kwa Mwinjuma. Meza iwe ndefu kuliko pikipiki kubwa unayoitengeneza, uipime kwa kamba, usikisie. Kimo kifike gotini tu, na ubao wa kupandia uwe mrefu, ili uisukume peke yako bila kuita mtaa mzima. Miguu iwe sita. Mbele apigilie vibao viwili vya kubana gurudumu, na pembeni atie pete za chuma, ufunge kamba kulia na kushoto kabla hujagusa nati yoyote. Ukitaka gurudumu lielee, weka gogo chini ya fremu, si chini ya bomba la moshi, nakujua wewe. Sakafu ya banda ishindilie hadi iwe sawa. Na kabla hujapandisha chombo cha mtu, pandisha magunia mawili ya mahindi, kisha ukae juu yake mwenyewe.

Basi, mgongo wako umepona. Sasa niambie, nani kakudanganya kwamba Tatu ameondoka kwa sababu huna meza?

Kinu, Shomari! Hata mtoto mdogo hukatazwa kukikalia, wewe unakipandishia mashine ya serikali. Lakini hilo angekusamehe, maana wanawake tumeshasamehe mengi ya kijinga kuliko hilo. Ulisimama mlangoni na birika mkononi, ukamsikia mkeo anaitwa mchafu, katika arobaini ya mtoto wake, mbele ya mama yake, ukafunga mdomo. Barua nzima umeniandikia vyuma na mbao, na neno la kumwomba radhi sikuliona hata moja. Imeniuma mimi nisiyemjua.

Meza mwachie Mwinjuma aitengeneze, wewe kesho nenda Mzenga. Najua mkwe haongeleshwi ovyo, kwa hiyo mzee Twalibu akusindikize, akupigie hodi, na kazi yake iishie hapo. Omba mashangazi wote watatu waitwe. Kaa chini, useme kwa mdomo wako: wali niliuharibu mimi, nilijua, na nikamwacha Tatu atukanwe. Usitaje meza wala wateja. Mama mkwe atakusema, nawe usijibu. Tatu akisema harudi siku hiyo, mbebe mwanao kidogo, uage kwa adabu, na baada ya siku mbili uende tena. Aibu aliyoondoka nayo mke wako ni yako, Shomari. Nenda ukaichukue.

Bi Mwanakheri