Ulipoanguka Kati ya Mahindi Matamu

Baba mkwe wangu uliye Japani,

Nakuandikia nikiwa Kebirigo, kwa mama yangu. Barua hii utasomewa na mwanao Kenta, kwa kuwa miaka aliyofundisha Ogembo ilimwachia Kiswahili, na nyumbani kwako hakuna mwingine anayekijua. Nasikia umepata nafuu ya kutosha hata kugomba. Vizuri, utazihitaji nguvu hizo kabla sijamaliza.

Jana Kenta alinipigia simu akasema miche ya mahindi matamu imeshaota kwenye trei, na kwamba hutaki ipandwe mpaka nirudi. "Baba anasema bustani ni yako sasa." Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza katika kile kishamba nyuma ya nyumba yako? Mimi, mtoto wa Nyamira niliyelelewa katikati ya mahindi, nilizikuta mbegu zako zimekunjamana kama ngozi ya bibi kizee. Nikakaa kuzichambua kama tulivyofunzwa, nene huku na mbovu kule. Hazikuwepo nene. Nikazimwaga zote kwenye mboji, nikanawa mikono, nikijiona nimekusaidia! Kumbe mbegu za mahindi matamu ndivyo zilivyo. Ulipogundua ulikaa chini ukacheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukaanza kuziokota moja moja kwa kijiti.

Mabua yalipobeba, ulibakiza hindi moja kwa kila bua ili linenepe. La pili ulilinyofoa likiwa dogo kama kidole. Kwetu, anayevunja mahindi machanga hivyo huulizwa amekosana na nani, nami nilinuna siku nzima. Jioni nikakuta beseni mlangoni pangu: vile vihindi, matango na biringanya mbili, vyote umeviosha. Hata hodi hukupiga.

Hukupiga hodi kwa sababu ulidhani nakuchukia. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima na haya kati ya mzee na mke wa mwanawe. Hatushikani mikono. Hatupitani karibu. Kwa hiyo ulipoingia kwenye mistari ya nyanya, mimi nilitoka. Uliponinyooshea kamba nifungie matango, nilingoja uiweke chini ndipo niiokote. Ukamuuliza mwanao, "Kwani nanuka?" Alinisimulia akicheka, mimi nililia jikoni. Nikamkataza asikueleze, maana mambo hayo mtu hamwelezi mkwe wake. Ukaidi wangu huo.

Sasa ile asubuhi ya joto. Ulikuwa umetoka alfajiri kuvuna, kama kawaida yako, kwa kuwa unaamini utamu hupungua jua likishalipiga hindi. Kufikia saa tatu hukuwa umerudi. Nikachukua maji nikakufuata.

Niliwaambia watu wa ambulensi kwamba nilikukuta chini. Kenta nilimwambia hivyo hivyo. Na wewe nilikuambia hivyo hospitalini, siku uliyoniinamishia kichwa mpaka paji likagusa shuka, ukanishukuru kwa kuokoa maisha yako.

Si kweli. Nilikuona ukiyumba, nikakuona ukianguka kifudifudi na mabua mawili yakivunjika chini yako. Nikasimama. Sikuita mtu, sikukimbia. Nilisimama muda wa mtu kusali Baba Yetu tangu mwanzo hadi amina, na wala sikuwa nasali. Vidole vyako vilikuwa vinakwaruza udongo, nami naviangalia. Ndipo nikakushika makwapani nikakukokota hadi kivulini, nikakumwagia maji yote niliyobeba. Mwili wako ulikuwa unachoma.

Daktari alisema kiharusi na joto vilikupata kwa pamoja, na kila dakika ilikuwa na uzito wake. Sijui ile yangu ilichukua nini. Mkono wako wa kulia haukunjiki vizuri hadi leo, na kila nikiuona najiuliza.

Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nimechoka kuficha. Juzi tukichuma majani chai nilimwambia mama kila kitu, nikiwa na hakika atasema chinsoni ndiyo iliyonifunga miguu. Alitua kikapu.

"We Moraa! Chinsoni ni ya mtu anatembea. Mtu ameanguka ni mgonjwa tu, unainua. Nani alikufunza ingine?"

"Hakuna, mama."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Niliinama nikaendelea kuchuma. Jibu ninalo sasa. Niliogopa, Baba, lakini pia nilikuwa nimekuchoka. Nilichoka kukaa nyumba moja na mtu ninayemkimbia kutwa, kula naye meza moja huku nimeinamisha macho. Kwa muda ule mfupi kuna kitu ndani yangu kilichotulia, kikangoja kuona itakuwaje. Naona aibu kukiandika. Nakupenda vilevile, na sijui mambo hayo mawili yanakaaje katika moyo mmoja.

Nasafiri Jumapili. Ukisema nisiikanyage bustani yako, sitaikanyaga, na sitamlaumu yeyote. Ila siwezi kuipokea kama zawadi ya uokozi huku najua nilichokifanya. Mpe mtu mwingine, au nipe mimi ukiwa unanijua.

Na wewe Kenta, mume wangu, nakufahamu. Uliacha kusoma kwa sauti zamani, na sasa baba anakutazama usoni akingoja. Usimwambie nimetuma salamu tu. Rudi pale nilipoandika "Si kweli", umsomee.

Ni mimi,
mke wa mwanao.