Betri Katika Mbeleko

Bibi Mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize wewe, maana hapa Kalangalala nikisema nitachekwa. Mume wangu Abdu alikuwa fundi katika karakana ya mgodi, na huko ndiko alikojifunza vile vigari vya betri vinavyovuta mawe chini ya ardhi bila moshi, akaacha kazi, akaanza kuunda vyake hapa uani ili awabebee wachimbaji wadogo mawe yao, na cha kwanza kilitembea kweli, nilikipanda nikiwa na mimba, watu wakatukimbilia nyuma. Sasa cha pili kimesimama tu, kuku anaatamia mayai kwenye kiti chake, kwa sababu betri za Japani zimekatazwa na za Uingereza zinataka kibali, na ofisi ya vibali imemjibu Abdu kwamba mtu wa uani si kiwanda. Bibi, gari zima la Ulaya linapita bandarini, lakini betri ya gari la mikono yetu inazuiwa, hii ni haki gani?

Basi amepata betri ng'ambo ya mpaka, upande wa Wabelgiji, na anataka tukaichukue, niifunge mgongoni kwa mbeleko, na kofia ya mwanangu Majaliwa juu yake, turudi kwa njia ya Masumbwe. Nikamwambia, “Baba Majaliwa, ile ina tindikali.” Akasema, “Nitaiziba. Askari hampekui mama mwenye mtoto, atakuamkia kwa heshima, mwangaluka mayu, upite.” Nikauliza, “Akitaka kumwona mtoto?” Akasema, “Mwambie amelala.” Nikacheka, naye akadhani nimekubali, sasa anasema tunaondoka Jumamosi, na Majaliwa tutakayemwacha nyumbani bado ananyonya. Naamini gari lile litatutoa. Nikikataa, sitakuwa nimeungana na hao waliomfungia mlango?

Mama Majaliwa, Kalangalala

JIBU

Marahaba, Mama Majaliwa. Hasira yako ni yangu pia. Ofisi inayompisha tajiri wa mbali na kumzuia fundi wa hapa haina haya, na ninaliandika hili gazetini ili wenyewe walisome.

Lakini wewe ulicheka nini? Tindikali haijali kofia ya mtoto. Ikivuja itakula khanga, kisha ngozi, nawe utanyamaza kwa kuwa askari anakutazama. Ukikamatwa utalala mahabusu maziwa yamekuvimba, na mwanao atamlilia nani? Kukataa si kuungana nao. Kama mzigo ni salama, Abdu aufunge mgongoni mwake, na kofia aivae yeye.

Vifaranga wakishaanguliwa, mfungeni punda mbele ya gari hilo lianze kuvuta mawe. Abdu ataona aibu. Aone. Kisha mpelekeeni gari katibu wa chama cha ushirika cha pamba aone kuwa litabeba na pamba, kibali kiombwe kwa jina la chama, na kila mchimbaji atie dole gumba. Wakikataliwa, nileteeni jibu hilo nilichapishe neno kwa neno.

Jumamosi akikuita, toka nje umembeba Majaliwa. Mwambie mgongo huu una mwenyewe, na hajalala.