Uso wa Waziri Kwenye Kitenge

Jumapili, 7 Oktoba 2012

Anakuja! MEC anakuja Clairwood, kanisani kwetu, Jumapili ya tarehe 21! Simu niliipokea juzi nikiwa maktaba, nikakimbilia ngazini kuongea, na hata baada ya kukata sikuamini. Leo Mama Agathe, mwenye nyumba wangu, ametangaza mbele ya watu wote. Wameruka mpaka mchungaji akakaa chini kusubiri.

MEC ndivyo wanavyomwita hapa waziri wa jimbo. Huyu wetu, Mama Mbhamali, ana uchukuzi na barabara. Barua ya kumwomba aje niliiandika mimi, mwezi wa nane, wiki ile Glody alipogongwa. Glody ndiye sauti ya kwanza ya kwaya. Lori lilimvunja mguu mbele ya mlango wa kanisa, na hadi leo anatembea na magongo. Tunachotaka ni robot tu. Taa za barabarani — hapa kila mtu anasema robot, nami siku hizi nasema robot bila kucheka.

Kanisa lenyewe ni ghala la zamani. Malori ya bandarini yanapita mlangoni Jumapili kama siku nyingine. Tunashikana mikono, tunangoja upenyo, halafu mbio! Akina mama na visigino, watoto, Biblia, Serge na kinanda kichwani. Serge ni mdogo wake Mama Agathe, anapanga safari za malori kwenye yadi ya mtaa wa pili. Anasema madereva wake wanatuita Olimpiki.

Mimi Atu, Mmoravian wa Tukuyu niliyekuja huku kusoma, nafanya nini katikati ya Wakongo wanaocheza mpaka jasho? Napanga chumba kwa Mama Agathe, Glenwood. Kodi yake ni pamoja na maji, umeme na Jumapili.

Jumanne, 9 Oktoba

Balaa. Nimeangalia ramani.

Kwa nini sikuiangalia kabla ya kuandika barua? Nasomea barabara! Shahada ya pili! MEC ana barabara za jimbo, zile zenye namba zake. Ana leseni za madereva, vibali vya taxi na mabasi, askari wa barabara kuu. Ule mtaa wetu si wake hata sentimita moja. Ni wa manispaa. Kuweka robot pale hawezi, kama nisivyoweza mimi.

Nikamwambia Mama Agathe jikoni. Alikuwa anakata lengalenga, hakuinua hata kichwa.

“Barabara haiko yake? Iko ya nani basi?”

“Ya manispaa, Mama.”

“Na manispaa iko mu province ya nani?”

Akasogeza majani kando, bado anakata.

“Ma fille, mtoto wangu, ministre ni ministre. Kwetu Uvira ministre akisema anakuya kesho, leo usiku mashimo yote yanafunikwa. Hata penye hakuna shimo, wanafunika.”

Nikaeleza tena, kwa mpangilio: ngazi tatu za serikali, mamlaka, mipaka. Akanipa kitunguu nimenye. Hakuna upweke kama wa kuwa sahihi mbele ya mtu anayekata mboga.

Serge aliposikia alicheka mpaka akashika friji. Eti Engineer mzima ameenda kuomba nyama kwa fundi viatu. Sijamsemesha mpaka sasa. Amebisha mlangoni mara mbili kuniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mpya: watashona sare. Lakini si sare tu. Uso wa waziri utakuwa kwenye kitenge!

Kwao ndio heshima yenyewe. Mkubwa akija, akina mama wanamvaa. Akishuka garini anajikuta kila upande, na hapo moyo unalainika. Mama Agathe amenieleza kwa subira, kama mimi nilivyomweleza ngazi tatu za serikali. Nimetambua sura yangu kwenye subira hiyo, na sikuipenda.

Picha wameipata kwenye bango la usalama barabarani: Mama Mbhamali ndani ya gari, anatabasamu, mkanda umepita kifuani. Kuzunguka uso, vi-robot vidogo vidogo. Na maandishi chini — hapo ndipo nilipopiga kelele — ASANTE MAMA KWA ROBOT.

“Lakini hajatupa!”

“Ndiyo maana tunashukuru mbele,” Mama Agathe akasema. “Sasa atapita wapi?”

Nimelala nalifikiria hilo. Kuna uhandisi ndani yake, nikiri.

Jumamosi, 13 Oktoba

Kitambaa kimefika kutoka kwa jamaa mmoja wa kuchapa vitambaa, Sydenham. Rangi ya chungwa inayoumiza macho. Mama Mbhamali ametoka vizuri, meno yote. Ila robot zimepinduka! Kijani juu, nyekundu chini. Nimesema. Hakuna aliyejali. Glody akasema kijani juu ndiyo vizuri, wamama wapite kwanza.

Waziri amefungwa mkanda, na atakuwa amefungwa mkanda juu ya vifua vya kwaya nzima. Nimecheka peke yangu bafuni.

Jumatatu, 15 Oktoba

Vita kwa fundi. Fundi mwenyewe, Laurette, alikata sketi ya Glody bila kuangalia, uso ukaangukia makalioni.

Mama Agathe: mnamukalia Excellence? Laurette: si mimi, ni mwili wa Glody, una mambo mengi. Glody: basi mimi nitasimama ibada nzima, na huu mguu! Kelele mpaka wenye saluni jirani wakaja kuangalia na dryer mkononi. Hatimaye amri: uso ni kifuani au mgongoni, kwingine kote robot tu. Glody atakatiwa upya.

Nikasema mimi sitavaa. Nilisema taratibu, maana nilikuwa nimejiandaa. Kwamba sivai uso wa mwanasiasa yeyote, wa huku wala wa nyumbani. Kwamba raia haji kwa kiongozi kama shabiki wa mpira. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilipomaliza nikagundua muda wote huo Laurette alikuwa ananipima kiuno.

Jumatano, 17 Oktoba

Ofisi ya MEC imemtuma mtu wa itifaki kuangalia mahali. Kijana mwembamba, suti ya buluu, anaomba radhi kabla hujakasirika. Mama Agathe alikuwa saluni, kwa hiyo nilimpokea mimi.

Akauliza gari litaegeshwa wapi, MEC atasimama wapi, choo kiko wapi. Kisha akasema askari watafunga mtaa muda wote atakapokuwepo. Magari yenye taa za buluu huku na huku, lori hata moja halitapita.

Nikamwambia: basi ataona nini?

Hakuelewa. Nikamwambia mkifunga mtaa atauona mtaa mtulivu, wenye akina mama wazuri. Atashangaa robot ni ya nini.

“Eish, sisi,” akasema, yaani dada kwa lugha yao, “siwezi kumwacha MEC agongwe ili tuthibitishe.”

Ana haki, lakini na mimi pia. Tukasimama hapo wawili, malori yanapita, tunasemezana kwa kupiga kelele.

Mwisho nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa: anajua mtaa huu ni wa manispaa? Anajua. Ofisini wanajua tangu barua ilipofika! Sasa kwa nini anakuja? Akasema nusu ya kazi ya MEC ni kupiga simu kwa watu ambao barabara ni zao. Akipiga yeye, wanapokea.

Nimerudi Glenwood kwa miguu sehemu kubwa ya njia nikiwaza. Nilidhani uwaziri ni kuwa na barabara. Kumbe ni kupokelewa simu. Na Mama Agathe alilijua hilo na lengalenga yake! Sitamwambia leo. Kesho.

Ijumaa, 19 Oktoba

Ameondolewa.

Nimesikia kwenye taxi, redio, kati ya wimbo na tangazo la mabati. Premier, mkuu wa jimbo, amebadilisha baraza lake. Uchukuzi na barabara amepewa mwanamume mmoja kutoka juu kaskazini, na Mama Mbhamali “anashukuriwa kwa utumishi wake.” Kashukuriwa! Bila hata kitenge.

Nimepiga simu ofisini. Dada wa huko akasema ombi letu litawekwa mbele ya MEC mpya. Lini? Litawekwa tu.

Nyumbani msiba. Mama Agathe amekaa na bikwembe, vile vitenge vyetu, mapajani, anawauliza wale wa redio kama hawakuweza kungoja juma moja tu. Mama wa watu alishapokea mwaliko! Serge akajaribu kusaidia. Huyu mpya ana masharubu, akasema, nimeona picha yake. Mchoreni tu masharubu na kalamu. Alirushiwa kandambili, ikampata.

Mimi je? Ninajua sasa simu ikipigwa kutoka kwetu haitapokelewa. Glody ameuliza kwa upole, basi tutaendelea kukimbia? Nikamwambia nitaandika barua nyingine, manispaa safari hii. Akasema sawa. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

Jumamosi, 20 Oktoba

Kikao cha akina mama. Tuvae au tusivae?

Upande mmoja: ni aibu, tutaonekana hatusikilizi habari. Wengine: na huyu mpya akisikia, si atatukasirikia? Laurette: mimi nimeshashona, anayetaka kufumua afumue mwenyewe. Hapo wengi wakaanza kufikiri.

Glody ndiye aliyemaliza. Alisimama kwa magongo, ikachukua muda, wote tukangoja.

“Huyu mama alisema ndiyo,” akasema. “Tuliandikia watu wengi ju ya mguu yangu. Yeye ndiye alisema nakuya. Mimi nitamuvaa.”

Basi. Mama Agathe akaongeza kwamba mtu akitolewa kwenye kiti bado ni mtu, na kwamba yeye hatafua chungwa lile mpaka livaliwe.

Baadaye nimemtumia yule kijana wa itifaki ujumbe. Sikujua niseme nini. Niliandika: tafadhali mwambie Mama Mbhamali kwamba kesho akina mama wa Clairwood watamvaa hata hivyo. Akajibu neno moja: Sharp, sawa ya hapa.

Nimelijaribu gauni langu mbele ya kioo. Uso uko mgongoni, kwa hiyo sikuweza kuona ananiangaliaje.

Jumapili, 21 Oktoba

Naandika kwenye ngazi za kanisa, daftari gotini, maana nikingoja mpaka jioni nitaanza kuyapamba mambo.

Hakuna taa za buluu. Hakuna askari. Malori yanapita moja nyuma ya jingine — Serge anasema kuna meli imeshusha jana, foleni haiishi kabla ya saa saba. Sisi tulivuka alfajiri, ndiyo maana tuko wote upande huu, chungwa tupu, kama tumeagizwa kwa kontena.

Nyimbo zilikuwa katikati Mama Agathe aliponishika mkono. Angalia kule.

Ng'ambo ya barabara, gari dogo jeupe. Kando yake mama mmoja, kofia ya kanisani, mkoba. Hakuna mtu wa kumfungulia mlango. Nilimjua mara moja. Nimemwona kwenye vifua hivi vyote asubuhi nzima. Ni mfupi kuliko kitenge.

Kwaya ikatoka nje yote. Vigelegele! Glody anapunga gongo. Yule mama akaweka mkono juu ya macho, akatuangalia — akajiona, na akajiona, na akajiona — akaziba mdomo. Anacheka au analia, kutoka huku sijui.

Halafu akainua mkono kuyasimamisha malori. Aliuinua kama mtu aliyezoea kutiiwa. Lori la kwanza likapiga honi. La pili halikupiga hata honi. Akashuka hatua moja, akarudi. Akashuka tena, kofia ikapeperushwa, akaikamata, akarudi ukutani.

Akina mama wameshusha mikono sasa. Kila mmoja anaijua ile hatua ya kurudi.

Serge amempigia mtu wa yadi: hawezi kusimamisha, si malori yao peke yao. Mchungaji anaomba kwa sauti. Mama Mbhamali bado amesimama pale, anaangalia kushoto, kulia, kushoto, kama wanavyofundisha kwenye mabango yake.

“Atu,” Mama Agathe anasema, “we mwenye kujua barabara. Enda umulete.”

Glody ananipa gongo lake moja. Linyanyue juu kabisa, anasema, hili madereva wanaliona. Serge ananiambia tusubiri kidogo, twende wawili; tayari amenishika kiganja. Ninavua viatu.

Kule ng'ambo, naye ameinama. Anavua vyake.