Redio Iliyonyamaza Juani

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Huku Machame hatujambo. Bibi yako anakusalimu, na yule ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama niliwahi kuona aibu kuwa mwanafizikia wa penseli na karatasi tu. Niliona, mara moja.

Nilikuwa likizo, nikiandika tasnifu yangu kuhusu umeme unavyopita ndani ya transista, kile kidude kinachokuza sauti ya redio. Redio ya baba, aliyoiweka juani alipoanika kahawa, ilikuwa ikinyamaza kila mchana. Akanipa niitengeneze mbele ya wazee wenzake. Nikaifungua, nikakata waya kwa bahati mbaya, ikafa kabisa. Kesho yake asubuhi nilimpelekea jani la isale kuomba radhi, na kwetu isale haikataliwi.

"Basi twende kwa fundi," baba akasema.

Fundi Mhindi pale Moshi mjini aliunga ule waya mara moja. Kisha akaniuliza, "Wewe msomi, kwa nini redio hizi zinanyamaza jua likiwa kali, jioni zinaimba tena?"

Nikamchorea kwenye boksi la betri jinsi joto linavyoamsha umeme usiotakiwa ndani ya transista. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Swali lake nililifanyia kazi hadi nikastaafu uprofesa.

Kesho yake baba aliiweka redio kivulini, chini ya mgomba. Jirani alipomcheka kwamba mwanawe ameshindwa na redio, alimjibu, "Fundi anajua inaumwa wapi. Mwanangu anajua kwa nini."

Babu yako anayekupenda