Mnara Niliosema Unaonekana

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa. Mwanamke, miaka 46. Kazi: mwangalizi wa kiwanja kidogo cha ndege. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanja.

Nimeonywa kusema kweli. Nimekuja kwa hiari yangu kubadilisha niliyosema hapa juzi.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa moja asubuhi, nilikuwa ofisini nikichemsha chai. Kiwanja chetu hakina mitambo ya hali ya hewa. Rubani akikaribia huniita kwa redio, nami hutoka kutazama mnara wa simu ulio ng'ambo ya kiwanja. Ukionekana, anatua, usipoonekana, anageuza.

Aliyeita ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Alikuwa na abiria mmoja, muuguzi. Mwezi uliopita nilimgeuza kwa sababu ya ukungu uliotoweka muda mfupi baadaye, na tangu hapo ananiita Bibi Mawingu hata mbele za watu. Akauliza, "Haya Bibi Mawingu, mnara upo?"

Nilisogea mlangoni. Ukungu ulikuwa mzito. Lakini mnara ule nimeutazama miaka tisa; macho yalienda yenyewe pale unaposimama, nikaona kama nauona. Kumbe nilijua tu ulipo. Tena sikutaka kuchekwa. Nilimjibu, "Upo. Njoo, chai iko tayari."

Ndege ilizunguka juu yangu mara mbili nisiione. Hapo nilijua nimeharibu. Nilikimbilia redio nimwambie ageuze, lakini ndege ilikuwa imeshagonga miti. Shemeji alivunjika miguu. Muuguzi alifariki.

Hospitalini shemeji alininong'oneza kuwa amewaambia polisi alishuka kwa kiburi chake, bila kuniuliza. "Wewe una watoto shuleni," alisema. "Mimi sirushi tena hata hivyo." Juzi nikaja hapa nikasema hivyo hivyo, bila kigugumizi.

Jana mama wa muuguzi alimfuata shemeji wodini, akamwita muuaji mbele ya mke wake. Nilikuwa nimesimama pale na kikapu cha nguo zake safi. Shemeji hakunitazama. Naona aibu hata mdogo wangu akiniita dada.

Shemeji aliniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia ashuke.

Haya ndiyo maelezo yangu. Yale ya juzi nayakana.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Ofisa: Nimemsomea maelezo haya. Ameomba nilipoandika "nadhani nilimjibu" pasomeke "nilimjibu". Nimerekebisha.