Dadu tatu za kuvizia

Jumamosi, Naguru

Kitabu cha sheria za mchezo wetu kinasema wazi kwamba si lazima shujaa wangu, mwizi, awe amejificha. Inatosha mwenzake awe amesimama karibu na adui, basi pigo la kuvizia linaongezewa dadu tatu. Nilijua hivyo, lakini nilinyamaza Okello, anayetuongozea mchezo, aliposema, "Jitu limekuona. Rusha dadu moja tu."

Kwetu shujaa akifa, mchezaji wake huchana karatasi iliyoandikwa sifa za shujaa huyo. Mwenzetu Zaituni anacheza na shujaa huyohuyo tangu muhula wa kwanza, na jitu lilibakiza pigo moja tu kummaliza. Alikuwa ameshaishika karatasi.

Nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

"Sema tena, wewe!" Zaituni akaniambia. "Anayekufa ni mimi!"

Nikarudia: yeye amesimama karibu na jitu, kwa hiyo ninastahili dadu tatu zaidi. Okello akausoma ukurasa, akacheka. "Haya, bwana sheria. Rusha."

Zile tatu zikaleta sita, mbili, tano. Jitu likaanguka.

Zaituni aliikunja karatasi yake akaitia ndani ya daftari la kemia. Okello anataka Jumamosi ijayo niongoze mimi. Sikukataa. Nitalazimika kuongea mchana kutwa.